Longitudo kwa jua: ipi ikufae kati ya njia nne za baharini

Kuna njia nne za kupata longitudo (umbali wako mashariki au magharibi ya Greenwich, Uingereza, kwa nyuzi) kwa jua zinazostahili kujadiliwa, na watu hubishana ipi bora kana kwamba zote zinafanya kazi moja. Hazifanyi. Kila moja inakudai uamini kitu fulani kabla hujaanza. Ya kwanza, ya adhuhuri, inataka subira na saa nzuri; ya pili, ya kronomita (saa sahihi ya baharini), inataka latitudo ya uhakika; ya tatu, ya mistari, inategemea mwendo wa chombo tangu asubuhi; na ya nne, ya mwezi na jua, haiitaki saa kabisa. Ukijua siku hiyo unaweza kutegemea nini, kuchagua ni rahisi. Usipojua, utapiga hesabu safi kabisa na kujiweka mahali ambapo hupo.

Kwanza msingi, maana njia tatu za mwanzo zimesimama juu yake. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24: nyuzi 15 kwa saa, nyuzi moja kwa dakika 4, na dakika moja ya nyuzi (sehemu moja ya 60 ya nyuzi) kwa sekunde 4. Kwa hiyo longitudo ni tofauti tu kati ya saa ya jua ya hapo ulipo na saa ya jua ya Greenwich. Saa yako ikikosea sekunde 4, kwenye ikweta umehama maili moja ya baharini. Ikikosea dakika nzima, umehama maili 15, na hakuna ustadi wa kupima utakaoliziba kosa hilo.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi husahau kila mara: jua halifuati saa zetu. Mwanzoni mwa Novemba linawahi kwa dakika 16 na zaidi, na katikati ya Februari linachelewa kwa dakika 14 na zaidi. Jua na saa hupatana mara nne tu kwa mwaka, katikati ya Aprili, katikati ya Juni, mwanzoni mwa Septemba na karibu na Krismasi. Anayedhani kwamba jua huvuka meridiani ya Greenwich (mstari wa kaskazini-kusini unaopita hapo) saa 12:00:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, kila siku, Novemba atakosea nyuzi 4 nzima, zaidi ya maili 240 kwenye ikweta. Almanaki ya kibaharia, kitabu cha kila mwaka cha mahali pa jua na mwezi, inatoa saa sahihi ya kila siku. Bila almanaki ya mwaka husika, au jedwali linaloaminika la tofauti hiyo, yote yanayofuata hapa ni ya kusoma tu.

Adhuhuri: rahisi kuliko zote, na inayodanganya kuliko zote

Karibu kila mtu huanzia hapa, kwa sababu hakuna pembetatu za duara wala majedwali mazito. Unapima jua likiwa kileleni, unaandika saa, unatoa saa ambayo lilivuka Greenwich, unageuza tofauti kuwa nyuzi. Kwenye karatasi inapendeza. Baharini jua likifika kileleni hukaa pale kana kwamba limetia nanga.

Tazama hesabu yenyewe. Uko latitudo 40, siku ya ikwinoksi, yaani mchana na usiku vikiwa sawa. Dakika 5 kabla ya kilele, jua liko chini ya kilele chake kwa dakika moja tu ya nyuzi. Dakika 3 kabla, ni theluthi ya dakika ya nyuzi. Sitaha inacheza, upeo wa macho una mawimbi, na wewe unataka kusema ni sekunde gani hasa jua liliacha kupanda. Huwezi. Ukikosea dakika 3 tu za saa, umekosea dakika 45 za nyuzi za longitudo. Kwa latitudo kutulia huko kwa jua ni neema, maana hata ukichelewa kidogo mwinuko, yaani pembe ya jua juu ya upeo, ni ule ule. Kwa longitudo ni balaa.

Dawa yake ni miinuko sawa, na hii ndiyo njia ya adhuhuri inayostahili kuitwa njia. Nusu saa hivi kabla ya kilele, lishushe jua kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe, hadi ukingo wake wa chini uguse upeo. Usiridhike na mguso wa kwanza: tikisa sekstanti taratibu kushoto na kulia, jua litachora tao dogo juu ya maji, na mguso wa kweli ni ule wa sehemu ya chini kabisa ya tao hilo. Papo hapo mwenzako anaandika saa, sekunde kwanza, kisha dakika, kisha saa yenyewe, kwa sababu sekunde ndizo zinazokimbia. Sasa weka sekstanti chini bila kugusa chochote. Mkono ubaki pale pale. Baada ya kilele inyanyue tena na ungoje jua lishuke lenyewe hadi liguse upeo katika pembe ile ile. Andika saa. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo jua lilipovuka meridiani yako.

Tuseme ni mwanzoni mwa Novemba, na almanaki inasema jua linavuka Greenwich saa 11:43:36 UTC. Mguso wa kwanza ulikuwa 13:26:40, wa pili 14:09:04. Katikati ni 13:47:52. Tofauti na Greenwich ni saa 2, dakika 4 na sekunde 16. Saa 2 ni nyuzi 30, dakika 4 ni nyuzi 1, sekunde 16 ni dakika 4 za nyuzi. Kwa kuwa jua lilikufikia baada ya Greenwich, uko magharibi: 31°04' W. Hakuna jedwali la pembetatu hapo, na hukuulizwa latitudo yako.

Uzuri wake mwingine haupewi sifa inayostahili. Kosa la sekstanti yenyewe, kimo cha jicho lako juu ya maji, na hewa inayopinda mwanga vyote viko sawa asubuhi na alasiri, kwa hiyo vinafutana. Unaweza kuwa na sekstanti ya plastiki yenye kosa la dakika 10 za nyuzi usilolijua, na longitudo yako isitikisike, mradi kosa lisibadilike ndani ya saa hiyo moja. Mwenye chombo duni hapa anakaribia sana kuwa sawa na mwenye cha fahari.

Lakini njia hii ina adui wawili. Wa kwanza ni wingu. Likifunika jua wakati ule ule unaongoja mguso wa pili, kazi yote imepotea. Ndiyo maana hupimi mwinuko mmoja. Unapima mitatu au minne jua likipanda, unaiandika yote, kisha unairudia kwa mpangilio wa kinyume likishuka. Wingu likila jozi moja, nyingine zinabaki.

Adui wa pili ni mwendo wa chombo, na huyu ndiye mjanja. Chombo kikienda mashariki au magharibi hakuna neno. Longitudo unayopata ni ya pale ulipokuwa katikati ya nyakati mbili. Kikienda kaskazini au kusini, unalisogelea au unalikimbia jua, na mwinuko unabadilika kwa sababu ya mwendo wako, si kwa sababu ya saa. Uko latitudo 40 Kaskazini, Disemba, unaelekea kusini moja kwa moja kwa maili 6 za baharini kwa saa. Kilele utakachokiona kitachelewa kwa karibu sekunde 117 baada ya jua kuvuka meridiani kweli. Hiyo ni dakika 29 za nyuzi za longitudo, na zote zinakusukuma magharibi ya mahali ulipo. Juni, mwendo ule ule, latitudo ile ile, ucheleweshaji ni kama sekunde 37.

Marekebisho ni mepesi kuliko yanavyosikika. Kama kati ya mguso wa kwanza na wa pili chombo kimelisogelea jua kwa maili 6, ongeza dakika 6 za nyuzi kwenye sekstanti kabla ya mguso wa pili. Kama kimelikimbia, punguza. Jua lenyewe nalo husogea kaskazini au kusini, karibu dakika moja ya nyuzi kwa saa wakati wa ikwinoksi. Kwa nusu saa mbili za kungoja, ukilipuuza hutadhurika sana.

Na kuna mahali ambapo adhuhuri inageuka kuwa njia kali kweli: kanda za joto, jua likipita karibu na utosi. Uko latitudo 5 Kaskazini na jua liko nyuzi 10 Kaskazini ya ikweta. Dakika 5 kabla ya kilele linakuwa chini kwa zaidi ya dakika 9 za nyuzi, si moja. Kilele ni chembamba, mwendo wa chombo hauchelewishi ila sekunde chache, na dakika kumi kabla na kumi baada zinatosha. Shida ni kuupata mguso wenyewe, maana jua likiwa juu kiasi hicho hujui kwa hakika uligeukie upande gani wa upeo. Anayesafiri huko na kusema adhuhuri inampa longitudo nzuri, mwamini. Anayesema hivyo akiwa latitudo 50, muulize anatumia miinuko sawa au anabahatisha.

Asubuhi au alasiri: kipimo cha mzee wa kronomita

Jua likiwa mashariki kabisa au magharibi kabisa, linapanda au kushuka kwa kasi yake kubwa kuliko zote. Kwenye ikweta ni dakika 15 za nyuzi kila dakika ya saa. Latitudo 40 ni kama 11 na nusu. Latitudo 60 ni 7 na nusu. Hapo ukikosea mwinuko kwa dakika moja ya nyuzi, umehama maili moja tu. Linganisha na adhuhuri, ambapo kosa hilo hilo linaweza kula dakika kadhaa za saa.

Njia yenyewe: unapima mwinuko mmoja, unaandika saa, unasahihisha mwinuko (kosa la sekstanti, kimo cha jicho, kupinda kwa mwanga, na nusu ya upana wa jua, ambayo ni kama dakika 16 za nyuzi), kisha kwa latitudo yako na mahali jua lilipo kaskazini au kusini ya ikweta, unatafuta pembe iliyobaki hadi adhuhuri yako. Tuseme latitudo ni 40 Kaskazini, jua liko nyuzi 20 Kaskazini, karibu tarehe 20 Mei. Mwinuko uliosahihishwa ni 32°09'. Pembetatu inatoa pembe ya 64°18' mashariki ya meridiani yako, yaani saa 4, dakika 17 na sekunde 12 kabla ya adhuhuri. Saa ya jua hapo ulipo ni 7:42:48. Kronomita inasema 10:15:42 UTC. Jua siku hiyo limewahi kwa dakika 3 na nusu, kwa hiyo saa ya jua ya Greenwich ni 10:19:12. Tofauti ni saa 2:36:24, sawa na 39°06' W.

Safi. Ila angalia nilivyoipitisha kimyakimya: "tuseme latitudo ni 40". Nani kakuambia?

Mfano huo niliupanga jua likiwa mashariki kabisa, na hapo latitudo mbaya haikudhuru. Ukikosea maili 10 kaskazini au kusini longitudo haitikisiki kitu. Lakini ukiwa latitudo hiyo hiyo majira ya baridi, jua likiwa nyuzi 20 Kusini, halifiki mashariki kabisa likiwa juu ya upeo. Linachomoza tayari likiwa limeelemea kusini, na likifika mwinuko wa nyuzi 15 limeshasogea zaidi ya nyuzi 40 kutoka mashariki. Hapo latitudo yenye kosa la maili 10 inakupa kosa la maili 9 na nusu mashariki-magharibi. Hesabu haitakuonya. Itakupa namba moja, yenye dakika na sehemu za dakika, iliyojaa uhakika usiokuwepo.

Mabaharia wa zamani walilijua hili na walikuwa na ujanja wao: walipima asubuhi, wakaacha hesabu, wakasubiri latitudo ya adhuhuri, wakairudisha nyuma kwa mwendo wa chombo hadi saa ya kipimo cha asubuhi, kisha ndipo wakafanya hesabu ya longitudo. Kwa chombo kinachotunza mwendo na uelekeo vizuri, ujanja huo bado unafanya kazi hadi leo.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya saa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1714 iliahidi pauni 20,000 kwa atakayepata longitudo ndani ya nusu nyuzi. Saa ya nne ya fundi saa Mwingereza John Harrison ilipopelekwa Jamaica mwaka 1761, baada ya siku 81 ilionekana kuwa na kosa la sekunde 5 tu, ukishahesabu kiasi chake cha kuchelewa kilichojulikana. Maneno ya mwisho hayo ndiyo ya kushika. Saa nzuri si lazima iwe sahihi. Inatakiwa ikosee kwa kiasi kile kile kila siku. Saa ya kawaida ya mkononi inayowahi nusu sekunde kila siku bila kubadilika ni bora kuliko inayowahi leo na kuchelewa kesho. Ilinganishe na ishara ya saa ya redio kila unapoipata na uandike tofauti kwenye daftari. Na kama unabeba saa za akiba, beba moja au tatu: ukiwa na mbili na zikatofautiana, hujui uiamini ipi. Meli ya Beagle ilipoondoka Uingereza mwaka 1831 ilibeba kronomita 22, jambo linaloonyesha watu wa upimaji wa bahari waliiamini saa moja kiasi gani.

Mistari: njia inayokiri isichokijua

Tarehe 17 Disemba 1837, nahodha Mmarekani Thomas Sumner alikuwa akikaribia mlango wa bahari kati ya Wales na Ireland, akitoka Charleston, Marekani, kwenda Greenock, Uskoti. Kwa siku nyingi mbingu zilikuwa zimefunga. Mida ya saa nne asubuhi jua likachungulia, akapata mwinuko mmoja na saa ya kronomita. Latitudo yake ilikuwa ya kukisia tu. Akafanya hesabu ya longitudo kwa latitudo aliyoidhani, kisha akafanya tena kwa latitudo iliyo dakika 10 kaskazini zaidi, na mara ya tatu kwa dakika 20. Alipoziweka nukta tatu kwenye ramani, zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo, ukiendelezwa, ulipita kwenye mnara wa taa wa Smalls. Sumner akatambua kwamba popote alipokuwa, alikuwa juu ya mstari ule. Akaendelea kuufuata, na ndani ya saa moja mnara ukaonekana mbele yake.

Alichogundua ni hiki: mwinuko mmoja wa jua haukupi nukta. Unakupa mstari unaokata pembe mraba na uelekeo wa jua. Njia ya kronomita huchagua nukta moja kwenye mstari huo kwa kuamini latitudo yako, halafu inaficha mstari uliobaki. Ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Marcq Saint-Hilaire, miaka ya 1870 aliirahisisha kazi. Badala ya kutafuta longitudo, chagua mahali unapodhani upo, kokotoa mwinuko na uelekeo wa jua kama ungekuwa hapo, kisha linganisha na ulichopima. Hesabu ikitoa 31°12' na wewe umepima 31°19', uko maili 7 karibu zaidi na jua kuliko ulivyodhani. Chora mstari hapo. Basi.

Jua likiwa mashariki, mstari huo unalala kaskazini-kusini, na huo ndio longitudo yako, bila kuiomba latitudo. Likiwa kusini-mashariki, mstari unalala kwa mshazari, na hapo unaona kwa macho kile ambacho njia ya kronomita ingekuficha. Ili kupata nukta, unapima tena baada ya jua kusogea vya kutosha, unausogeza mstari wa asubuhi kwa umbali na uelekeo ambao chombo kimekwenda, na unatazama unapokutana na mstari mpya. Tofauti ya uelekeo wa jua iwe angalau nyuzi 30. Ikikaribia 90 ni bora zaidi. Mistari ikikatana kwa pembe ndogo, kosa dogo la mwinuko linaipeleka nukta mbali.

Udhaifu uko kwenye ule mstari uliosogezwa. Kama kati ya asubuhi na adhuhuri mkondo umekusukuma maili 5 bila wewe kujua, nukta yako imebeba kosa hilo, hata kama vipimo vyote viwili vilikuwa vya kusifiwa. Kwenye mkondo mkali mimi naamini mstari mmoja mpya kuliko nukta iliyotengenezwa na mstari wa saa tano zilizopita.

Ugumu wake ni majedwali au kikokotoo, na watu huogopa. Sioni sababu. Kikokotoo chochote chenye sini na kosini kinafanya kazi hiyo kwa dakika chache, na majedwali ya kukokotolea mwinuko na uelekeo yanataka kujumlisha na kutoa tu.

Mwezi na jua: kwa asiye na saa

Njia ya nne ni ya siku saa imekufa au imekosa kuaminika. Mwezi husogea mashariki, ukilikimbia jua kwa kama nusu nyuzi kila saa, karibu upana wake wenyewe. Pima umbali wa pembe kati ya jua na mwezi, na mbingu yenyewe inakuwa saa ya Greenwich. Mwanaastronomia Mwingereza Nevil Maskelyne aliipigania sana, na almanaki ya kibaharia ya Uingereza, iliyoanza na mwaka 1767, iliweka umbali huo kwa kila saa 3. Uliendelea kuchapishwa hadi toleo la 1906.

Lakini dakika moja ya nyuzi ya kosa katika umbali ni dakika 2 za saa, na dakika 2 za saa ni nusu nyuzi ya longitudo. Mpimaji hodari akifika nusu ya dakika ya nyuzi, bado ana maili 15 za shaka. Tena umbali uliopima lazima usafishwe: mwezi uko karibu nasi kiasi kwamba, kulingana na unaposimama duniani, huonekana umehama hadi karibu nyuzi nzima. Inahitaji mwinuko wa mwezi na wa jua wakati ule ule, hivyo wapimaji watatu na mwandishi mmoja ndio raha, ingawa mtu mmoja mwenye subira anaweza. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu haipo kabisa.

Kwa longitudo ya kila siku, iache. Kwa kuihakiki saa unayoishuku, hasa ukishuku kosa la dakika nzima na si la sekunde, haina mpinzani.

Basi uchague ipi

Ukiwa na saa unayoiamini na kikokotoo, anza na mistari na ubaki nayo. Ina kila kilicho ndani ya njia ya kronomita, bila kiburi chake. Njia ya kronomita jifunze kwa sababu ndiyo inayokufungulia akili kuhusu pembetatu, na kwa sababu jua likiwa mashariki kabisa inakupa longitudo moja kwa moja. Lakini ukishaijua mistari, utairudia mara chache.

Ukiwa na saa nzuri na sekstanti usiyoiamini, au umepoteza majedwali, chagua miinuko sawa. Inakudai saa moja ya kukaa sitahani na inataka anga lililo wazi, ila haikudai kitu kingine. Kwenye kanda za joto jua likiwa karibu na utosi ningeichagua hata kama ningekuwa na kila kitu.

Kwenye boti ndogo kuna jambo moja linalopita yote hayo: upeo. Ukiwa na jicho mita 2 juu ya maji, wimbi la mbele yako linaweza kuwa ndilo unalopima badala ya upeo wenyewe. Ngoja boti ipande juu ya wimbi ndipo ugusishe, na uchukue vipimo vitano kwa mfululizo badala ya kimoja. Visipopanda kwa kasi inayolingana, kile kilichotoka njiani kinajulikana mara moja na unakitupa. Kwenye miinuko sawa huwezi kufanya hivyo kwa urahisi, kwa sababu mkono umefungwa pale pale. Hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea mistari bahari ikichafuka.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue na haya wakati setilaiti zinatoa nukta kila sekunde. Mawimbi ya setilaiti huzuiwa na hughushiwa, na chuo cha jeshi la majini la Marekani, kilichokuwa kimeacha kufundisha urambazaji wa nyota mwishoni mwa miaka ya 1990, kilitangaza kuurudisha mwaka 2015. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia nao bado unawadai maofisa wa sitaha waweze kutumia jua na nyota.

Kwa siku ya kawaida baharini, mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Linganisha saa na redio kabla ya jua kuchomoza. Pima asubuhi mapema kadiri jua linavyoruhusu, lakini lisiwe chini ya nyuzi 10 hivi, maana hewa ya karibu na upeo inapinda mwanga kwa namna isiyotabirika. Chora mstari. Adhuhuri chukua latitudo, na kama anga ni safi, jozi mbili za miinuko sawa ili upate longitudo isiyotegemea mkondo wa asubuhi. Kama longitudo hiyo na ya mstari uliosogezwa zinatofautiana kwa zaidi ya maili chache, usikimbilie kuchukua wastani: tazama kwanza kama uliongeza au ulipunguza kwa ajili ya mwendo wa kaskazini-kusini, kisha tazama kama mkondo unaelekea upande unaoelezea tofauti hiyo. Alasiri pima tena jua likiwa limeelekea magharibi. Mstari wa magharibi una faida ambayo wa asubuhi hauna: kosa la kudumu la mwinuko, kama kimo cha jicho ulichokikosea, lililokusukuma upande mmoja asubuhi, alasiri litakusukuma upande wa pili, na pengo kati ya mistari hiyo miwili, ukishausogeza wa asubuhi, litakuambia kosa hilo ni la ukubwa gani.